Lita Moja na Nusu ya Ziada

Dumu lilikuwa limekaa siku kumi na moja kwenye stoo ya vielelezo, limefungwa lakiri na kuandikwa tarehe, na hakuna aliyewahi kuuliza lina oili kiasi gani. Inspekta alilibeba mwenyewe mpaka uani. Akakata lakiri mbele ya koplo, akaanza kumimina ile oili nyeusi kwenye jagi la plastiki lenye alama za lita. Koplo alisimama na daftari, uso kaukunja. Haikumwingia akilini kwa nini mtu ahangaike kupima oili ya kesi ambayo mshitakiwa wake ameshakiri kwa mdomo wake na kutia saini kwa mkono wake.

Kituoni Inspekta walimwita Bi Rudia, kwa siri waliyodhani ni siri. Shahidi akimaliza kusema, humwambia arudie. Akirudia, humwambia arudie tena. Watu waliokuja kwake na uongo uliopigwa pasi vizuri waliondoka nao umejaa makunyanzi. Lakini katika kesi hii hakumwambia mtu yeyote arudie chochote, na hilo ndilo lililomtoa kitandani asubuhi hiyo na kumleta uani hata chai hajanywa.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Gari la wagonjwa la zahanati lilikuwa linampeleka mama mjamzito hospitali kubwa, uchungu umeshika na hali si nzuri. Katikati ya mlima injini ikanoki. Ilikwama kabisa, hata kuisukuma haikuzunguka. Ikapita saa moja na nusu kabla hawajapata gari jingine. Mtoto alizaliwa hai, mama akaishiwa damu njiani. Dereva wa gari lile alikuwa mume wa marehemu, na fundi aliyekuwa akilihudumia alikuwa baba mzazi wa marehemu.

Fundi huyo walimwita Mzee Sikio, kwa sababu ya mtindo wake wa kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio, akafumba macho, kisha akakutajia ugonjwa. Kesho yake baada ya ajali aliitwa pale uani afungue injini mbele ya polisi na dereva. Alimwaga oili kwenye dumu, akashusha sampo, lile bakuli la chini linalohifadhi oili, akachomoa beringi moja ya mhimili wa krenki, kipande cha chuma chembamba kilichopinda kama kucha. Akaitazama. Akairudisha. Akasema injini imenoki, basi. Siku mbili baada ya maziko akaja kituoni peke yake, kavaa shati la kutokea, akasema aliweka oili feki aliyoinunua kwa mpita njia, tena alijua ni feki. Inspekta aliandika, mzee akasaini, na kituo kizima kikashusha pumzi. Kesho saa tatu asubuhi faili lilikuwa linakwenda kwa hakimu: kuua bila kukusudia. Mzee ana miaka sitini na nne. Akiingia huko, kutoka kwake ni kwa kubebwa.

"Saba na nusu," Inspekta alisema.

Koplo akaandika lita saba na nusu, akauliza kama hiyo ni nyingi au kidogo. Inspekta alikwenda ofisini, akatoa kwenye faili kitabu cha huduma cha gereji ya Mzee Sikio, daftari gumu lenye alama za vidole vya grisi kila ukurasa. Mzee alikuwa mtu wa kuandika. Kila gari lilikuwa na tarehe yake, oili iliyotoka lita ngapi na oili iliyoingia lita ngapi. Gari la wagonjwa lilihudumiwa mara ya mwisho siku ya Jumamosi, siku kumi na tisa kabla ya ajali. Oili iliyoingia: lita sita.

Injini iliyoovaholiwa, yaani kufumuliwa na kufungwa upya, mwaka mmoja tu uliopita, kama hii, huenda isile oili. Lakini hakuna injini duniani inayozaa oili.

*

Mkemia wa maabara ya idara ya barabara alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyoshikwa na gundi, na kazi yake kubwa ilikuwa kupima lami. Oili ya injini kwake ilikuwa sikukuu. Inspekta alimpelekea chupa tatu: moja kutoka kwenye dumu, moja kutoka kwenye filta waliyoikata kwa msumeno asubuhi ile, na moja kutoka kwenye pipa la oili mpya la gereji ya mzee. Akampa na ile beringi, waliyoichomoa tena asubuhi ileile, kwenye bahasha. Kisha akakaa kwenye kiti cha chuma kwa saa mbili na nusu, akitazama mashine inavyotema karatasi.

"Nani kakudanganya kwamba hii ni feki?" mkemia aliuliza alipomaliza.

"Aliyeiweka."

"Basi huyo hajui alichoweka, au anajua na hataki ujue. Oili ya kwenye pipa ni halali kabisa. Na hii ya kwenye injini msingi wake ni ileile. Zinki ipo, fosforasi ipo, kalsiamu ipo, kwa vipimo vilevile. Tatizo ni kilichoongezwa juu yake."

Alimweleza taratibu, kwa namna ya mtu ambaye haulizwi mara nyingi. Oili nzuri haiwi mafuta matupu, inawekewa viungo. Zinki na fosforasi zinajenga ngozi nyembamba juu ya chuma, na chuma kikigusana na chuma kinacholika ni ile ngozi, nayo inaota tena injini ikipata moto. Hiyo ndiyo inayoifanya injini iishi miaka. Lakini kwenye oili ya dumu alikuta klorini, tena nyingi. Klorini nayo inatelezesha, kwa hiyo viwandani wanaitia kwenye mafuta ya kukatia vyuma. Ndani ya injini ni habari nyingine. Kwanza inagombania nafasi na zinki, inaisukuma isikae vizuri juu ya chuma. Halafu ikikutana na joto na unyevu inageuka asidi, inaanza kula beringi polepole, kimyakimya.

Aliigeuza beringi chini ya taa. Uso wake ulikuwa na vishimo vidogovidogo, umebadilika rangi mpaka ukawa mweusi, kama jino bovu.

"Hii ni kazi ya wiki tatu?" Inspekta aliuliza.

"Wiki tatu haziwezi. Hii ni ya mwaka, au imezidi. Mtu amekuwa akiilisha injini hii dawa kwa muda mrefu. Na mwishoni akazidisha. Ukijaza oili kupita alama, krenki inaipiga mpaka inakuwa povu, na povu halibebi chuma. Beringi iliyokwisha kuliwa, povu, mlima, moto. Hapo usitafute mchawi."

Inspekta aliuliza dawa hiyo inauzwaje. Mkemia akacheka. Akasema huwa inauzwa kwa kamashine fulani mezani, na akikakuta hako kamashine aombe maji ya klorini, yale ya kusafishia choo, ayajaribu. Hakumwambia zaidi.

Njiani kwenye gari Inspekta alifungua tena daftari la gereji. Mara hii hakusoma oili iliyoingia. Alisoma iliyotoka. Mwezi mmoja nyuma: iliingia sita, ikatoka saba. Kabla yake: iliingia sita, ikatoka saba na robo. Mwaka mzima, mwandiko uleule wa mzee, herufi zimesimama wima, ziada imeandikwa wazi bila kupigiwa mstari. Inspekta aliona aibu. Daftari hili lilikuwa mezani kwake tangu siku ya kwanza, na alikuwa amelitumia kuwekea kikombe.

*

Mwenye duka la spea lililo karibu na gereji ya Mzee Sikio alikuwa na ulimi wa asali na kalamu mbili mfukoni. Inspekta hakujitambulisha. Alisema ana gari linalopiga kelele. Mwenye duka akang'aa. Akamvuta mpaka mwisho wa kaunta, ambako kulikuwa na kamashine kadogo: mota inayozungusha pete ya chuma, na mkono unaoigandamiza beringi juu ya pete hiyo, na vyuma vya uzito vya kuning'iniza kwenye mkono.

Alipaka oili ya kawaida, akaning'iniza uzito wa kwanza. Wa pili, chuma kikalia, mota ikazimika. Akafuta, akapaka dawa kutoka kwenye kichupa chekundu. Uzito wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, na pete ikaendelea kuzunguka kwa raha zake. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri plagi wakasogea kuangalia. Hata Inspekta alikiri moyoni kwamba ni kitu cha kuvutia. Mtu unakiona kwa macho yako, nani atakuambia vingine?

Ndipo akaomba maji ya klorini. Mwenye duka alidhani anatania, lakini chupa ilikuwepo chini ya sinki, ikaletwa. Inspekta akafuta pete mwenyewe, akaimwagia maji yale, akaning'iniza vyuma kimoja kimoja. Sita vyote vikakaa. Pete ikazunguka vilevile.

"Sasa," Inspekta alisema, "niende nikayamimine haya kwenye injini yangu?"

Mmoja wa wateja alicheka, kisha akaacha. Mwenye duka alikuwa ameshaona kitambulisho. Ulimi wa asali ukakauka. Akaanza kusema yeye ni muuzaji tu, dawa ina lebo, lebo inasema mtu atumie mara nyingi apendavyo, na leseni ya duka iko ukutani. Inspekta alimwambia hayo yatakuwa na faili lake. Alichotaka sasa ni jina moja tu: nani anayeinunua kwa ajili ya gari la wagonjwa?

Wanunuzi ni wengi, alisema. Hawezi kuwakumbuka.

"Rudia."

Alirudia, akajikwaa katikati. Kisha akasema ni dereva mwenyewe. Kila Jumatatu asubuhi, chupa moja, mililita mia tatu sabini na tano. Mtu mwema, hakosi. Jumatatu ile ya mwisho alichukua mbili, akasema moja ni ya akiba, mke wake amekaribia kujifungua.

Inspekta alipiga hesabu hapohapo kwenye kona ya karatasi ya maabara. Kutoka Jumamosi ya huduma mpaka Alhamisi ya ajali kulikuwa na Jumatatu tatu. Chupa tatu hazifikishi lita moja na nusu. Nne zinafikisha, tena sawasawa. Ile ya akiba haikubaki akiba.

"Na yeye aliijulia wapi dawa hii?"

"Baba mkwe wake ndiye alimleta. Wakati ule bado anachumbia. Mzee alisimama palepale uliposimama wewe, akamwambia aangalie vizuri, fundi wa kweli haachi injini bila dawa. Chupa ya kwanza alimnunulia yeye." Akakifunga kichupa chekundu. "Lakini mzee mwenyewe aliacha. Ana kama miaka mitatu hajachukua hata moja."

*

Walimtoa Mzee Sikio mahabusu, wakamkalisha kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa amepungua. Alimwamkia Inspekta kwanza, kabla ya kuamkiwa, jambo ambalo kwa umri wake lilimchoma Inspekta kuliko kama angemtukana. Inspekta akamrudishia shikamoo mara mbili, kisha akavuta kiti.

"Ile oili feki ilikuwa na rangi gani?"

"Nyeusi."

"Oili mpya, nyeusi?"

"Kahawia."

"Harufu yake?"

"Sikumbuki, mwanangu."

"Fundi wa miaka arobaini hukumbuki harufu ya oili."

Inspekta akaweka mezani karatasi ya mkemia, akaweka na daftari la gereji, limefunguliwa. Akamwonyesha kwa kidole, mstari mmoja mmoja, bila kupandisha sauti.

"Uliweka sita, zikatoka saba na nusu. Kabla ya hapo sita, zikatoka saba. Kabla yake saba na robo. Umeandika mwenyewe. Rudia, mzee. Mara hii uanzie mwanzo."

Mzee alilitazama daftari lake kama linamsaliti. Kisha akaeleza. Dawa ile aliiamini miaka mingi, hata magari ya ndugu zake aliyalisha. Miaka mitatu iliyopita mteja mmoja alileta injini ya mashine ya kusaga nafaka, injini aliyoitunza yeye mwenyewe kwa dawa, na alipoifungua akakuta beringi zimeliwa. Alielewa palepale. Aliitengeneza bure, akamwambia mteja ni bahati mbaya, akatoa chupa zote rafuni akazitupa. Hakumwambia mtu. Baadaye akaanza kuhudumia gari la wagonjwa, na kila alipomwaga oili akakuta imezidi, akainusa, akajua mkwe wake bado anaendelea. Aliovaholi ile injini mwaka jana akijua kilichoiharibu, akaifunga na beringi mpya, akalirudisha gari. Na mkwe akaendelea kuilisha.

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Ningemwambia nini? Yule kijana ananiamkia kwa kuinama. Akija nyumbani hakai mpaka nikae. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana, mimi ndiye niliyemsimamisha pale dukani. Nimwambie kwamba nilikuwa mjinga?" Alijipangusa uso kwa mikono yote miwili. "Nilikuwa nasema wiki ijayo. Ilikuwa sentensi moja tu, mwanangu. Miaka mitatu sikuipata."

Siku ile uani, alisema, aliposhika beringi alijua kabla hajaitazama. Kidole kilimwambia. Akainua uso, akamwona mkwe wake amesimama upande wa pili wa gari, hata maziko bado. Akairudisha beringi mahali pake. Njia nzima kwenda nyumbani alikuwa anatafuta uongo utakaotosha.

"Mtoto hana mama," alisema. "Baba yake akijua ni mkono wake uliofanya hivi, atabaki baba gani? Niache nifungwe mimi. Mimi ndiye niliyemuua binti yangu, na hilo si uongo. Uongo ni oili tu."

Inspekta aliifunika kalamu. Aliona uchungu, na chini ya uchungu aliona aibu yake mwenyewe, kwa sababu siku ile uani na yeye alikuwa amesimama hatua tatu tu, ameitazama beringi ileile, akaona chuma. Akamwambia mzee hawezi kupeleka kwa hakimu kitu anachojua si kweli. Mzee akamwomba basi angalau asiende kwa mkwe. Inspekta akamwambia hilo pia hawezi.

*

Dereva alikuwa nyuma ya nyumba, ananing'iniza nepi kwenye kamba. Chumba na sebule, sakafu imefagiliwa, chupa ya maziwa inapoa ndani ya sufuria ya maji. Mtoto alikuwa amelala kwenye kanga juu ya kochi. Kwa siku zote hizo dereva hakuwa amekanyaga kituoni hata mara moja kumwona baba mkwe wake, na mtaa ulikuwa umeshaamua: ana haki ya kumchukia.

Alipomwona Inspekta hakushtuka. Alimaliza nepi iliyokuwa mkononi, akaibana vizuri.

"Amesema?" aliuliza.

"Nani?"

"Baba."

"Nimekuja kukusikiliza wewe."

Aliomba ruhusa amlishe mtoto kwanza, maana amekaribia kuamka, na Inspekta akakubali. Walikaa sebuleni. Mtoto alinyonya chupa kwa pupa mpaka akacheua. Inspekta alikuwa amepanga maswali yake tangu njiani, kwa utaratibu, kuanzia Jumatatu ya kwanza. Hakupata nafasi ya kuyauliza.

"Alipoichomoa ile beringi aliniangalia mimi," dereva alisema. "Hakukuangalia wewe, hakuliangalia gari. Aliniangalia mimi, halafu akairudisha haraka. Nikajua. Sikujua ni nini hasa, lakini nilijua ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa na mkono kwenye injini ile siku ambazo yeye hayupo. Kitu gani kingine nilikuwa naweka zaidi ya dawa?"

"Halafu ukasikia amekiri."

"Nikasikia amekiri oili feki. Baba hajawahi kugusa oili feki maisha yake yote. Mtaa mzima unalijua hilo." Alimhamishia mtoto bega la pili. "Kila asubuhi nasema leo nitakwenda kusema. Kisha huyu analia, nasema ngoja nimlishe. Kisha analala, nasema ngoja nifue. Siku ikaisha. Mzee wa watu analala sakafuni kwa ajili yangu, na mimi nafua."

Inspekta alimuuliza chupa ya nne aliitia lini, ingawa alikuwa anajua. Lilikuwa swali la utaratibu, na alijichukia kwa kuliuliza.

"Alhamisi ileile. Alikuwa ameshapanda nyuma na nesi, ananiita, twende. Nikamwambia subiri kidogo mama, nalitayarisha gari, leo lisituangushe. Nikafungua boneti. Nikaimimina yote." Akampigapiga mtoto mgongoni. "Nilimchelewesha dakika mbili ili niimimine yote."

*

Walifika kituoni alasiri, dereva na mtoto kiti cha nyuma. Inspekta alimtoa Mzee Sikio mahabusu, akawakalisha wote wawili mbele ya meza yake. Hawakuamkiana. Dereva alipotakiwa kusaini maelezo yake hakuwa na mahali pa kumweka mtoto, akageuka, akamnyooshea baba mkwe wake. Mzee aliitazama mikono yake kwanza, huku na huku, kisha akampokea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumshika.

Inspekta alikwisha kuzungumza na mwendesha mashtaka kwa simu, karibu nusu saa. Aliwaeleza kwa ufupi na kwa lugha nyepesi. Shitaka la kuua bila kukusudia linafutwa, kwa sababu oili ilikuwa halali. Dawa inauzwa hadharani, na lebo yenyewe inamruhusu mtu aiweke atakavyo. Dereva alifanya alichofundishwa, akidhani anatunza. Fundi alinyamaza, na kunyamaza namna ile sheria haina jina lake. Chupa zilizobaki dukani zimeshachukuliwa kwenda kupimwa, lakini hilo ni jambo jingine na litachukua miezi. Kwa leo, wanaweza kwenda nyumbani.

Hakuna aliyeinuka.

"Kwa hiyo nani atafungwa?" Mzee aliuliza.

"Hakuna, mzee."

"Haiwezekani. Mtu amekufa."

Inspekta akasema anajua mtu amekufa. Akafungua kitabu cha sheria mezani, kwa ajili ya kufanya kitu tu, akageuza kurasa. Akasema kosa pekee alilonalo hapo ni lile la kuwapa polisi taarifa za uongo, na hilo ni dogo, mara nyingi linaishia kwa onyo.

"Langu hilo," Mzee alisema upesi, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yakashuka. "Niandikie hilo, mwanangu. Nilidanganya. Niandikie."

Inspekta akachukua fomu, akaandika jina la mzee. Dereva aliifuata kalamu kwa macho mpaka ilipofika mwisho wa mstari.

"Baba amepata lake," alisema. "Na mimi?"

Inspekta alimwambia hakuna. Alimwambia tena, polepole zaidi. Dereva akamwomba aangalie vizuri, kitabu kinene namna hiyo hakiwezi kukosa. Hapo ndipo Bi Rudia, aliyezoea kuwarudisha watu mwanzo, akakifungua kitabu upya kuanzia ukurasa wa kwanza, akaanza kumsomea vifungu kimoja baada ya kingine; na kwa kila kifungu, hata kile cha wizi wa mifugo, dereva aliitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ni yeye.